Shilingi 6,200: kisa cha deni lililozidi kitabu, Busia

Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba 2024, mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, katika soko la Busia, Uganda, alifika kwenye kikao cha kikundi chao cha akiba na shilingi 260,000 zimefungwa kwenye pindo la leso. Siku hiyo alikuwa anamaliza mkopo wa miezi mitatu. Mezani alikaa mwanafunzi wangu, binti wa miaka 19, na laputopu ya darasa. Akaingiza jina la mama, akasoma kwa sauti kilichotokea: 266,200. Mama akafungua leso, akahesabu noti upya, kisha akahesabu tena. Wenzake walikuwa wanamtazama. Anayevijua vikundi hivi anajua uzito wa kutazamwa namna hiyo. Anayefika na pesa pungufu mbele ya wenzake hubeba jambo hilo hadi nyumbani.

Aliyemwokoa ni mweka hazina. Alivuta kitabu chake cha mistari, akaweka kidole. "Mwanangu, hapa ni laki mbili na sitini. Alikopa laki mbili. Kila mwezi elfu ishirini, mara tatu. Hiyo elfu sita na mia mbili imetoka wapi?"

Binti akapandisha msimbo, yaani mistari ya programu, kwenye skrini, akaushusha, akaupandisha tena. Kisha akageuka kunitafuta nilipokaa, benchi la nyuma. "Mwalimu, sijui."

Programu hiyo aliiandika yeye. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeipa alama 18 kati ya 20, za juu kuliko zote darasani.

Kituo chetu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tuna laputopu tisa, wanafunzi 14 na kozi ya miezi sita ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Busia ni mji wa mpakani, na ukivuka upande wa Kenya unakuta mji mwingine wenye jina hilohilo. Sokoni utasikia Kisamia, Kiteso, Luganda, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Shule nyingi za Uganda hufundisha kwa Kiingereza, lakini mimi hufundisha kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo kila mmoja chumbani anaweza kuitumia kubishana nami bila kuogopa.

Zana za akili bandia, zinazojibu maswali na kuandika hata programu, zilitufikia haraka. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Mwaka 2023 bado ilikuwa ya wenye bando la kutosha. Aprili 2024 kampuni ya Meta ikaleta msaidizi wake ndani ya WhatsApp katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Kwa wanafunzi wangu hilo ndilo lililobadilisha mambo, maana WhatsApp tayari ilikuwa kwenye kila simu. Sikuwakataza wala sikuwaelekeza. Nilijiambia kwamba mtu mzima anayelipa ada yake atajua kujisimamia. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo.

Sasa programu yenyewe. Kikundi cha akina mama kinafuata mtindo ulioenea Afrika nzima, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991. Wanachama hununua hisa kila wiki, fedha hukopeshwa wenyewe kwa wenyewe, na mwisho wa mwaka hugawana mtaji na faida. Hisa yao ni shilingi 2,000. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi, na wao wakisema asilimia 10 wanamaanisha asilimia 10 ya kiasi kilichokopwa siku ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo popote. Haikuwa na haja, kwa kuwa kila mmoja wao alilijua.

Binti alinionyesha simu yake jioni ileile, bila kuficha chochote. Swali aliloiandikia modeli, yaani ile akili bandia ya kwenye simu, lilikuwa fupi: niandikie programu ya Python ya kikundi cha akiba, riba asilimia 10 kwa mwezi, mkopo hadi miezi mitatu. Ikampa programu nzima, nadhifu, na maelezo juu yake. Ndani ya lupu inayohesabu miezi, yaani sehemu inayorudiwa mzunguko kwa mzunguko, palikuwa na mstari huu:

deni = deni * (1 + riba)

Kila mwezi unaopita, riba inakatwa juu ya deni lote pamoja na riba iliyokwisha kuongezeka. Kwa mabenki mengi na vitabu vingi vya hisabati, hivyo ndivyo riba inavyokua. Modeli hizi hujengwa kwa kusoma maandishi mengi mno na kujifunza neno gani hufuata jingine, na pale swali linapoacha pengo, hulijaza kwa kile kilichozoeleka katika maandishi hayo. Kanuni ya akina mama wa soko la Busia haikuwa kwenye maandishi yoyote. Ilikuwa vichwani mwao na kwenye kitabu kimoja cha mistari. Kwa hiyo siwezi kusema modeli ilikosa hesabu. Ilihesabu sawasawa kanuni ya watu wengine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuliijaribu. Binti alijaribu mkopo wa laki mbili wa mwezi mmoja akapata 220,000, akaulinganisha na kitabu, ukalingana. Mimi nilipokuwa nasahihisha nilifanya jaribio hilohilo. Mwezi mmoja hauwezi kuonyesha tofauti, kwa sababu mwezi wa kwanza deni na mkopo ni kitu kimoja. Tofauti huzaliwa mwezi wa pili. Mtu aliyewahi kuhangaika na lupu kwa mikono yake hujifunza mapema kuijaribu kwenye mzunguko wa pili na wa tatu, maana huko ndiko makosa yanakojificha. Binti hakuwahi kuhangaika. Mimi nilikuwa na kazi 14 za kusahihisha na nikaridhika nilipoona inaenda.

Jumatatu yake tulikaa wawili. Umeme ulikuwa umekatika, na nashukuru ulikatika. Nilimpa penseli na karatasi, nikauandika mstari ule peke yake, nikamwambia anieleze unafanya nini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sijaacha kulifikiria: "Mwalimu, huu mstari hauwezekani. Deni haliwezi kuwa sawa na deni mara moja nukta moja, labda deni liwe sifuri."

Kwa hisabati ya shule yuko sahihi kabisa. Ile alama ya usawa, katika aljebra, inasema pande mbili ni kitu kimoja. Katika Python inatoa amri: hesabu upande wa kulia kwanza, kisha jibu liweke kwenye jina lililo kushoto, na thamani ya zamani ifutike. Ni jambo la wiki ya kwanza. Walimu wa programu wanalijua kama kikwazo cha kawaida cha anayeanza, na kwa kawaida hujitokeza lenyewe, kwa sababu mwanafunzi akiandika mistari yake mwenyewe atajikwaa hapo siku ya tatu au ya nne, atalalamika, na utamsaidia. Binti huyu alikuwa kwenye mwezi wa nne. Alikuwa amekabidhi kazi kumi na moja, zote zikiwa sahihi, na jambo la wiki ya kwanza lilikuwa bado limelala palepale bila kuguswa.

Nilimuuliza kwa nini hakuuliza darasani. Alisema wavulana wa mbele hujibu haraka, na yeye alikuwa Senior 2, yaani kidato cha pili, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, wote wakapandishwa darasa, na tangu wakati huo amekuwa akihisi kuna kitu wenzake walifundishwa yeye hayupo. Simu haimcheki, alisema. Nilipomuuliza kama alijua kwamba hajifunzi, alinishangaa. Alidhani anajifunza. Alisoma kila jibu, kila jibu lilionekana la maana, na programu iliendeshwa ikakubali. Alidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe, na alama zangu zilimthibitishia.

Wenzangu kadhaa niliowasimulia kisa hiki walikimbilia neno udanganyifu. Mimi silikubali. Hakuna kanuni niliyoiweka naye akaivunja. Na wale wanaotaka programu za kunusa maandishi ya mashine nawasihi waziache. OpenAI wenyewe walitoa ya kwao Januari 2023 wakaiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ilikosea mno, na utafiti wa Stanford wa 2023 uliona zana za aina hiyo zikizishuku zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Hao ndio sisi.

Jambo la kweli la kukubali ni kwamba kazi za kwenda kuandika nyumbani hazipimi tena kile zilichokuwa zikipima. Hili lilionekana hata kabla ya ChatGPT. Watafiti wa Auckland, New Zealand, waliichukua Codex, modeli ya OpenAI ya kuandika msimbo, wakaipa maswali ya mitihani ya kozi yao ya kwanza ya programu. Katika matokeo waliyochapisha 2022, ingekuwa nafasi ya 17 kati ya wanafunzi 71. Modeli za leo zimeipita mbali. Mwalimu anayeweka alama kwenye programu iliyokamilika, kama nilivyofanya, huenda anaipima modeli tu, na mwanafunzi amesimama kando yake. Nina wasiwasi na hili nje ya chumba changu pia. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 unaipa tathmini ya mwendelezo asilimia 20 ya alama, na miradi imo. Wazo hilo nalipenda sana. Lakini mradi wa kompyuta unaoletwa umekamilika, bila mtoto kuulizwa hata swali moja juu yake, utatuletea mabinti wengi wa alama 18.

Nilisoma nilichoweza kukipata. Uturuki, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwafuatilia wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari katika hisabati. Waliopewa GPT-4 ya kawaida, modeli ya OpenAI, walifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 kuliko wenzao. Iliponyang'anywa, kwenye mtihani wakawa chini kwa asilimia 17 ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa toleo lililofungwa lisitoe jibu, litoe dokezo tu, na madhara hayo karibu yakatoweka. Hiyo ni hisabati, lakini nilimwona binti wangu mle ndani.

Halafu kuna utafiti wa Toronto wa 2023 uliosema kitu tofauti, na ndio ulionifundisha zaidi. Watoto 69 wa miaka 10 hadi 17, ambao hawakuwahi kuandika programu kwa maandishi, walijifunza Python, nusu yao wakiwa na Codex. Waliokuwa nayo walimaliza kazi nyingi zaidi na hawakuzidiwa na wenzao pale walipotakiwa kubadilisha msimbo bila msaada. Nilijiuliza kwa muda kwa nini watoto hawa hawakuumia. Sehemu ya jibu, kwa maoni yangu, imo kwenye mpangilio wenyewe: baada ya kila kazi ya kuandika ilifuata kazi ya kuurekebisha msimbo kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Mtoto hakupata nafasi ya kukusanya majibu kumi na moja asiyoyaelewa. Mimi nilimpa nafasi hiyo binti wa watu kwa miezi minne.

Darasani humohumo nilikuwa na kijana aliyekuja Uganda na wazazi wake kutoka Bukavu, Kongo. Alisoma kwa Kifaransa, Kiswahili ni cha nyumbani, Kiingereza alikuwa anakibahatisha. Ujumbe wa makosa wa Python huja kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha mafundi. Kwa mwaka mmoja nyuma mwanafunzi kama yeye angeacha kozi wiki ya tatu, na niliwahi kuwapoteza wawili kwa sababu hiyo. Huyu alikuwa akinakili ujumbe wa kosa na kuiuliza modeli kwa Kiswahili unamaanisha nini. Hakuomba msimbo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema msimbo alikuwa nao tayari, kilichomshinda ni kuambiwa amekosea wapi.

Kiswahili cha modeli hiyo kilikuwa na vituko. Mfuatano wa herufi, ambao mafundi kwa Kiingereza huuita string, iliuita kamba, na kijana alikaa siku nzima akiitafuta hiyo kamba ndani ya programu yake. Tukacheka, tukarekebisha, tukaanza daftari la maneno ya darasa letu. Lakini mwezi wa tatu alikuwa anasoma makosa yake mwenyewe, kwa Kiingereza kilekile, bila kuuliza simu. Kwake modeli iliondoa ukuta wa lugha na kumwachia fumbo la programu alitatue mwenyewe. Kwa binti iliondoa vyote viwili. Simu zao zilikuwa za aina moja, na wote wawili ni watu wenye bidii. Walitofautiana kwenye swali lililoulizwa. Kulifundisha swali hilo ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya.

Baada ya Oktoba nilijaribu kwanza kukusanya simu mlangoni. Ilidumu wiki moja. Waliendelea nyumbani kama kawaida, na yule wa Bukavu akabaki bubu na ujumbe wake wa makosa. Nikaacha.

Kilichobaki hadi leo ni cha karatasi zaidi kuliko cha kompyuta. Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand walibuni mwaka 2006 zoezi la kumpa mwanafunzi mistari ya programu iliyovurugwa aipange upya. Wao walilifanya kwenye kompyuta. Sisi tunaichapa mistari, tunaikata kwa mkasi, tunaimwaga mezani, na wanne wanne wanabishana mstari upi utangulie. Umeme ukikatika tunaendelea. Kabla ya kuendesha programu yoyote, kila mtu anaandika kwenye daftari anachotarajia kuona kwenye skrini, mzunguko kwa mzunguko, na haruhusiwi kufuta. Modeli inaruhusiwa kueleza kosa. Ikiandika msimbo, mwanafunzi anauleta pamoja na maswali mawili ambayo modeli iliyajibu yenyewe humo ndani kwa kuwa yeye hakuyajibu wakati anauliza. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, na wengi bado wanaleta maswali ya kubahatisha.

Na alama ninazitoa kwa mdomo. Mwanafunzi anakaa nami dakika 15, nabadilisha kanuni moja ya programu yake, ananionyesha pa kugusa. Kwa watu 14 ni saa tatu na nusu, kila mradi. Nimepunguza miradi kutoka sita hadi mitatu ili niweze. Mwenye darasa la watu 200 ataniuliza atafanyaje, na ni haki yake kuuliza, maana kwa wingi huo njia yangu haiwezekani bila wasaidizi. Hata hivyo naona heri atoe mradi mmoja na kuusikiliza kuliko kutoa sita na kuzitia alama kazi asizojua nani kazifanya.

Turudi kwa binti na karatasi yake. Nilimchorea safu tatu: mwezi, deni kabla, deni baada. Mwezi wa kwanza aliandika 220,000. Wa pili, 242,000. Akasimamisha penseli. "Hii elfu mbili ya juu, Mwalimu, ni riba ya ile elfu ishirini. Riba imezaa riba." Wa tatu hakuuhesabu kwa mashine, alizidisha pembeni mwa karatasi: 266,200. Akachora mduara kuzunguka 6,200 na kukaa akiuangalia. Kusema kweli, katika miezi minne hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwaza programu, na ilichukua kama dakika kumi.

Kurekebisha hakukumaliza hata saa moja. Alitenganisha majina mawili, mkopo na deni, akaandika deni = deni + mkopo * riba, akaijaribu kwa miezi miwili na mitatu kabla ya kunionyesha. Alama zake za mradi nilizifuta kwa makubaliano yetu, akautetea upya Novemba, na safari hii nilipombadilishia kanuni, kwamba anayechelewa atozwe shilingi 5,000 zisizozaa riba, alitafuta mahali pa kugusa kwa dakika sita, akakosea mara moja, akapapata.

Ijumaa iliyofuata baada ya kurekebisha alirudi sokoni kabla ya kikao kuanza. Alimwendea yule mama wa mukene kwenye meza yake, akapiga goti, akamwomba radhi. Kisha akakaa na mweka hazina, kitabu upande mmoja na laputopu upande wa pili, wakapitia kila mkopo wa zaidi ya mwezi mmoja, mama akisoma, yeye akilinganisha. Niliuona msimbo jioni ile. Juu ya mstari wa riba alikuwa ameongeza maelezo kwa Kiswahili: riba ni ya mkopo wa mwanzo, si ya deni, ameniambia mweka hazina.